Jinsi ya kumwona mwanasaikolojia bila kufilisika

ADA ya kikao kimoja na mwanasaikolojia katika kliniki ya kibinafsi mara nyingi huhesabiwa kwa maelfu ya shilingi. Kwa mchuuzi wa mboga katika mtaa wa Makutano mjini Meru, au kijana wa bodaboda anayetakiwa kumpelekea mwenye pikipiki fedha zake kila jioni, hicho ni kiasi kinachoweza kulipa kodi ya chumba mwezi mzima.

Ndiposa wengi wanaolemewa na mawazo, wanaokosa usingizi usiku kucha au waliopoteza hamu ya kazi na chakula huamua kunyamaza. Hata hivyo, wahenga walisema kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Isitoshe, zipo njia za kupata msaada huo kwa gharama ndogo au bila malipo yoyote, almuradi mtu ajue pa kuanzia.

Eneo la Meru limepitia misukosuko ya kutosha kumvunja mtu moyo. Uingereza ilipiga marufuku miraa mnamo Juni 2014. Mwaka wa 2020 soko la Somalia nalo likafungwa, na halikufunguliwa hadi Julai 2022. Familia zilizotegemea zao hilo kulipa karo na mikopo ziliathirika pakubwa. Mapato yanapokatika ghafla, ugomvi wa nyumbani, ulevi na msongo wa mawazo huwa haviko mbali.

Nani hufanya kazi gani?

Hatua ya kwanza ya kuokoa fedha ni kumwona mtaalamu anayefaa. Mshauri nasaha humsaidia mtu kukabiliana na matatizo kama vile msiba, talaka, deni au migogoro ya kifamilia. Mwanasaikolojia huchunguza kwa kina hisia, fikra na mienendo, na hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu maalumu. Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu aliyesomea udaktari, na ndiye anayeweza kuagiza dawa kwa maradhi mazito.

Madaktari hao ni wachache mno nchini, ilhali kaunti ya Meru pekee ilikuwa na watu 1,545,714 katika hesabu ya mwaka wa 2019. Kwa bahati njema, si kila mwenye dhiki anamhitaji daktari huyo. Wengi hupata nafuu mikononi mwa mshauri nasaha, ambaye ada yake aghalabu huwa ya chini.

Kuanzia zahanati ya karibu

Mlango wa bei nafuu zaidi ni zahanati au kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, huduma katika vituo hivyo hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Mgonjwa anachohitaji ni kujisajili, jambo analoweza kufanya kwa simu ya kawaida kupitia *147#.

Muuguzi au afisa wa kliniki anaweza kumsikiliza mgonjwa, kupima iwapo kuna maradhi mengine yanayofanana na msongo wa mawazo, kisha kumwandikia barua ya rufaa. Barua hiyo ni muhimu, kwani humwokoa mgonjwa dhidi ya kutangatanga kutoka kliniki moja hadi nyingine huku akilipa kila mahali.

Rufaa hiyo inaweza kumfikisha katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, au ile ya Embu kwa wakazi wa upande wa chini, ambako kuna vitengo vya afya ya akili. Katika ngazi hiyo, bima ya SHA hutumika iwapo mchango umelipwa. Wasio na ajira rasmi hutozwa kulingana na tathmini ya mapato yao, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Ni vyema kuuliza mapema dirishani ni huduma zipi zinazolipiwa na bima, na ni zipi mgonjwa atajigharamia.

Simu zisizolipiwa

Kwa asiyekuwa hata na nauli, simu inatosha. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini hutoa ushauri nasaha bila malipo kupitia nambari 1199. Watoto na wazazi wenye wasiwasi kuhusu watoto hupiga 116. Waathiriwa wa dhuluma za kijinsia hupiga 1195, nao wanaotaka kuacha pombe au dawa za kulevya husaidiwa kupitia 1192, nambari ya shirika la NACADA.

Simu haichukui nafasi ya matibabu ya muda mrefu. Hata hivyo, humpa mtu wa kumsikiliza usiku anapozidiwa, na humwelekeza kunakopatikana msaada zaidi.

Wanafunzi wa vyuo vikuu mara nyingi huwa na ofisi ya ushauri nasaha chuoni ambayo hawailipii. Vilevile, wanaosomea taaluma hiyo hutakiwa kufanya mazoezi chini ya usimamizi wa wakufunzi wao kabla ya kuhitimu, na vikao vyao huwa vya bei ya chini au vya bure. Inafaa kuuliza katika vyuo vinavyofundisha taaluma hiyo na katika hospitali za misheni.

Vikao vya kikundi pia hupunguza gharama, kwani ada ya mtaalamu mmoja hugawanywa miongoni mwa wengi. Vikundi vya wanaoacha pombe, vya wafiwa na vya wanaoishi na maradhi sugu huwapa watu nafasi ya kugundua kuwa hawako peke yao.

Je, msaada wa bei nafuu hufaa?

Wapo wanaodhani kuwa kisicho ghali hakiponyi. Ushahidi unaonyesha vingine. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka wa 2006 mpango ambapo akina nyanya waliopewa mafunzo huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida zao moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulibaini kuwa waliopitia benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Hapa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulihusisha zaidi ya wanawake 400 jijini Nairobi. Waliopata vikao vitano na wahudumu wa kijamii waliofunzwa walipungukiwa na dhiki kuliko wenzao. Kwa hivyo, vikao vichache vyenye mpango vinaweza kuleta mabadiliko.

Hata hivyo, bei nafuu isiwe kisingizio cha kumwendea laghai. Sheria ya mwaka wa 2014 iliunda bodi inayosajili washauri nasaha na wanasaikolojia, na mteja ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni. Kabla ya kikao cha kwanza, aulize pia ada ni ngapi, vikao vitahitajika vingapi, na kama kuna punguzo kwa mwenye kipato kidogo. Wataalamu wengi hukubali kupunguza, ila hawawezi kujua hali ya mteja asiyesema.

Hofu ya sheria

Kwa miaka mingi, woga mwingine uliwafunga watu midomo. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka miwili, hivyo aliyenusurika aliogopa kusema ukweli hospitalini. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Awali, marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 2022 yalikuwa yamezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na wananchi.

Kuna hali zisizoruhusu kusubiri punguzo la bei. Mtu anayezungumzia kujitoa uhai, anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au aliyekataa chakula na kujifungia kwa siku kadhaa apelekwe hospitalini mara moja, naye asiachwe peke yake njiani. Suala la malipo lizungumzwe akiwa tayari mikononi mwa wahudumu.