Baruti Kidogo, Marisawa Tele

Wawindaji wa bata mzinga pori katika majimbo kama Missouri, Tennessee na Pennsylvania huanza kazi wiki kadhaa kabla ya msimu wa machipuko kufunguliwa, na katika kazi hiyo ndege hayupo. Hutundika karatasi kubwa ya kaki kwenye ubao, huchora katikati kichwa na shingo ya bata mzinga, hurudi nyuma hatua ishirini na kitu, kisha hufyatua. Moshi mweupe ukishapungua huenda kuhesabu matundu. Mwenye bunduki ya kisasa hupiga risasi mbili tatu akaridhika. Mwenye gobore, bunduki inayopakiwa kupitia mdomo wa mtutu, anaweza kuipa kazi hiyo jioni zake zote za mwezi mzima, kwa sababu hakuna kiwanda kilichomwamulia lolote. Baruti kiasi gani, kizibo kipi, marisawa ya ukubwa gani: yote ni juu yake.

Watu hawa wa gobore ni jamii kamili, yenye wazee, wanagenzi na mikutano. Chama chao kikubwa, National Muzzle Loading Rifle Association, kilianzishwa mwaka 1933, na uwanja wake uko katika kijiji cha Friendship, Indiana, ambako hukusanyika kushindana kulenga shabaha. Wengine huvaa nguo za ngozi na kulala katika mahema ya kitambaa kama walowezi wa karne ya 18. Ila elimu ya gobore haitolewi kwa mavazi. Mwanagenzi huja na karatasi yake iliyotobolewa, mzee huitazama juani, na kabla hajaambiwa chochote anajua kosa liko wapi.

Upakiaji una adabu yake. Baruti haimiminwi mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuibebea, maana cheche iliyobaki ndani baada ya mlipuko wa kwanza yaweza kuilipua pembe nzima mkononi mwa mtu. Hutiwa kwanza katika kipimo cha shaba, ndipo ikamiminwa. Kizibo kinene cha kadibodi hufuata, kikasukumwa kwa mdeki mpaka kiikalie baruti pasibaki nafasi. Halafu kizibo kingine kinene lakini laini, halafu marisawa, halafu kizibo chembamba cha kuyazuia yasimwagike bunduki ikiinamishwa. Fataki ya kuiwasha baruti huvishwa mwisho kabisa. Kwenye mdeki huchongwa alama: ikilingana na mdomo wa mtutu, bunduki imeshiba sawasawa, ikipanda juu, kuna kitu kimezidi. Mzee akimwona kijana anapakia huku anapiga soga, humnyamazisha palepale, na hakuna anayeuona huo kuwa ukali.

Mgeni hudhani baruti ikiongezwa ndege ataanguka mbali zaidi. Karatasi humkatalia. Risasi ni madini laini. Mlipuko ukizidi, punje zilizo chini hubanwa na kubonyea, na punje iliyopoteza umviringo wake haiendi ilikoelekezwa. Marisawa hutawanyika, shingo iliyochorwa inabaki nzima. Ndiyo maana kanuni ya kuanzia, iliyorithiwa tangu zamani, ni ujazo sawa: kipimo kilekile kilichopima baruti ndicho hupimia marisawa. Kwa gobore la geji 12 hiyo ni kama gramu 5 za baruti kwa gramu 35 za marisawa, yaani punje kama 280 zenye upana wa milimita 2.8 kila moja. Kutoka hapo mwindaji wa bata mzinga hushusha baruti kidogo na kupandisha marisawa kidogo, kwa hatua ndogondogo, hadi matundu yakusanyike. Habadilishi mambo mawili kwa mpigo. Wala haiamini karatasi moja, kwa kuwa karatasi moja inaweza kumsifia bahati.

Kuna karatasi moja ambayo kila mtu wa jamii hii ameiona: matundu yamezunguka pande zote, na katikati, penye shingo, hapana kitu. Mara nyingi mkosaji ni kizibo kinene cha katikati, kile laini kinachotenganisha baruti na marisawa. Kikitoka mtutuni bado kina kasi, hukimbilia marisawa kwa nyuma na kuyapasua. Dawa yake ni rahisi: kizibo hicho hukatwa nusu, au huondolewa na kuwekwa kadibodi nyembamba kadhaa mahali pake.

Hata baada ya taabu yote hiyo, mtutu ulio mnyoofu hadi mdomoni una mpaka. Mita 36 kutoka hapo, ni kama asilimia 40 tu ya marisawa itakayoingia ndani ya duara la sentimita 76. Kwa hiyo mwenye gobore hujiwekea mpaka wa mita 20 hivi, na mpaka huo ndio unaotengeneza maisha yake yote ya msituni. Bata mzinga ana macho makali na anatambua rangi; huwezi kumnyemelea. Inabidi aje mwenyewe. Tena kwa maumbile yake ni jike anayemfuata dume, siyo dume kumfuata jike, na mwindaji aliyeketi chini ya mti akiigiza sauti ya jike anamwomba ndege avunje desturi yake. Wengine huita kwa filimbi ya mifupa ya bawa la jike, ufundi walioachiwa na wenyeji wa asili wa Amerika. Wengine kwa kisanduku cha mbao cha aina aliyoipatia hataza Henry Gibson mwaka 1897.

Ndege huyu nusura aishe. Kufikia miaka ya 1930 uwindaji wa biashara na ukataji wa misitu ulikuwa umemfuta katika majimbo mengi. Sheria ya 1937 ilielekeza ushuru wa bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori, na baadaye wataalamu wakawanasa waliobaki kwa nyavu na kuwahamishia misitu mingine. Leo wako katika majimbo yote isipokuwa Alaska.

Kwetu Tanzania gobore linatajwa zaidi pale polisi wanapokamata majangili. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizibana bunduki za kisasa zisiingie Afrika, ukaacha upenyo kwa gumegume zenye mitutu isiyo na mifereji. Mzee wa kijijini alibaki na gobore kwa kuwa bunduki nyingine hakuruhusiwa au hakuimudu. Mmarekani analichukua huku duka lina bunduki za kila namna. Mikono inafanya kazi ileile, lakini mmoja alisukumwa na mwingine amechagua, na sioni haki kuwasifu hawa wa pili kwa subira yao bila kuwakumbuka wa kwanza.

Siku hizi Wamarekani hao wa gobore wanabishana kuhusu mdomo wa mtutu. Fundi anaweza kuchimba ndani, karibu na mdomo, uvungu mdogo unaoyabana marisawa yanapotoka, na mita 20 zikawa 30 na zaidi. Wanaoupenda hukumbusha kwamba William Pape wa Newcastle alipata hataza ya mtutu uliobanwa mwaka 1866, magobore yakiwa bado mikononi mwa watu. Historia wanayo. Hata hivyo mimi niko na wale wanaouacha mtutu ulivyo. Zile mita 10 za nyongeza zinaangukia palepale ambapo dume husimama, akanyoosha shingo, akaanza kushuku. Kumtoa hapo kwa sauti peke yake ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika uwindaji huu, na mtutu uliochimbwa unampa mtu sababu ya kutoijifunza.