Seti Orijino, Seti Feki: Hesabu ya Vipande vya LEGO

Mwaka 2008 kampuni ya LEGO ya Denmark ilitoa seti ya kujenga Taj Mahal, yenye vipande 5,922, ikaiuza kwa dola 299.99 nchini Marekani. Mwaka 2017 iliitoa tena: vipande 5,923, dola 369.99. Kati ya miaka hiyo, seti ya kwanza ilipokuwa imeshaondolewa madukani, watengenezaji wa China waliotumia jina la Lepin walikuwa wakiuza Taj Mahal yao, yenye ramani ileile ya ujenzi. Majengo hayo matatu yakipangwa mezani, asiye mkusanyaji hatayatofautisha kwa kuyatazama tu. Mawili ni orijino, moja ni feki. Tofauti hiyo inakaa wapi, na inagharimu shilingi ngapi?

Hesabu za hapa zinachukua dola moja kuwa shilingi 130 za Kenya na yuan moja kuwa shilingi 18, viwango vya kukadiria vya siku hizi. Mwaka 2017 dola ilikuwa karibu shilingi 103. Kwa hiyo shilingi hizi zinafaa kulinganisha bei na bei. Hazisemi mnunuzi wa Nairobi wa wakati ule alitoa kiasi gani mfukoni.

Tuanze na orijino mbili. Seti ya 2008 ilitoka kwa senti 5.07 za dola kwa kila kipande, yaani shilingi 6.60. Ya 2017 ilitoka kwa senti 6.25, au shilingi 8.10. Hilo ni ongezeko la asilimia 23. Katika miaka hiyo tisa bei za kawaida Marekani zilipanda kwa takriban asilimia 14. Ukiuondoa mfumuko wa bei, kipande kilipanda kwa asilimia 8 hivi.

Soko la wakusanyaji lilikuwa na hesabu nyingine kabisa. Kabla ya toleo la 2017, boksi la 2008 ambalo halijafunguliwa lilikuwa likiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Kisha kampuni yenyewe ikaonyesha kwamba jengo lilelile linaweza kuuzwa dukani kwa 370. Chukua 1,000 utoe 370: zinabaki dola 630, sawa na shilingi 81,900, ambazo hazikulipia plastiki wala ubunifu. Zililipia uhaba. Anayesema seti feki inamwibia mkusanyaji thamani yake aangalie kwanza kiasi gani cha thamani hiyo kilitegemea uamuzi wa kampuni kutoirudia seti.

Kwa hiyo neno orijino linahitaji maana iliyonyooka. Hapa orijino ni seti iliyotolewa na mwenye haki ya ubunifu wake, au kwa idhini yake. Feki ni seti inayorudia ubunifu huo bila idhini. Kati yao kuna kundi la tatu linalosahauliwa mno: vipande vinavyooana, yaani vipande vya kampuni nyingine vinavyoshikana na vya LEGO lakini havinakili seti yoyote. Hivi ni halali, na uhalali wake una historia.

Tofali la plastiki lenye vinundu juu halikuanzia Denmark. Mwingereza Hilary Fisher Page, kupitia kampuni yake ya Kiddicraft, aliingiza sokoni matofali ya kujishika mwaka 1947. LEGO ilianza kuuza yake mwaka 1949, na mfano wa Kiddicraft ulikuwa msingi wake. Kilichokuwa cha LEGO peke yake ni mirija ya ndani, upande wa chini wa tofali, inayolifanya lishike kwa nguvu. Maombi ya hataza yake yaliwasilishwa Denmark tarehe 28 Januari 1958. Hataza ni haki ya kuutumia uvumbuzi peke yako kwa muda maalumu, na muda ukiisha uvumbuzi unakuwa wa kila mtu. Haki zilizosalia za Kiddicraft zilinunuliwa na LEGO mwaka 1981, miaka 32 baada ya tofali lake la kwanza.

Hataza zilipokwisha, kampuni ilijaribu njia ya alama ya biashara, ambayo haina kikomo cha miaka. Ilishindwa Canada mwaka 2005, katika kesi dhidi ya watengenezaji wa Mega Bloks. Ilishindwa tena tarehe 14 Septemba 2010 katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyosema umbo linalofanya kazi ya kiufundi haliwezi kufungwa milele kwa kulisajili kama alama. Kile kijitu cha manjano cha LEGO kilichotoka mwaka 1978 kina hali tofauti: mwaka 2015 mahakama ya Ulaya ilikubali umbo lake lisajiliwe. Basi katika boksi moja, tofali ni huru na mtu anayesimama juu yake ana mwenyewe.

Shika kipande cha LEGO kwenye mwanga na ukiinamishe kidogo. Juu ya kila kinundu kuna jina la kampuni, herufi ndogo zilizoinuka. Kwenye kipande cha Lepin kinundu ni laini, hakina kitu. Ni jambo la kufikirisha, kwa sababu wengi hudhani feki ni lazima ibebe jina la wizi. Boksi la Lepin lilikuwa na jina lake lenyewe, ingawa nembo ilikaribia mno ile ya Denmark, na seti za filamu ya Star Wars ziliandikwa “Star Wnrs”. Mashtaka ya jinai yaliyoimaliza Lepin yalihusu hakimiliki, yaani haki ya mbunifu juu ya kazi yake. Walichokuwa wamechukua ni mpangilio: kipande gani kinakwenda wapi, na kijitabu kinachouelekeza mkono.

Takwimu za kesi hiyo, iliyosikilizwa Shanghai, zinastahili kuangaliwa kwa makini. Mahakama ilihesabu kuanzia tarehe 11 Septemba 2017 hadi siku ya msako wa polisi, 23 Aprili 2019. Katika siku hizo 589 yaliuzwa maboksi 4,249,255 ya aina 634, yenye thamani ya zaidi ya yuan milioni 300, karibu shilingi bilioni 5.4. Ni wastani wa maboksi 7,214 kwa siku. Ghalani yalikutwa mengine 603,875, ambayo kwa kasi hiyo ni mzigo wa siku 84. Lakini Lepin ilikuwa sokoni tangu 2015. Takwimu hizi zinapima kilichothibitishwa mahakamani, na biashara yenyewe ilikuwa kubwa kuliko hapo.

Gawanya yuan milioni 300 kwa maboksi yaliyouzwa upate yuan 70.6 kwa boksi, au shilingi 1,270. Wengi wangekimbilia kuiweka namba hiyo kando ya Taj Mahal ya dola 370, ambayo ni shilingi 48,100, na kutangaza kwamba orijino ni ghali mara 38. Hesabu hiyo haifai. Wastani wa Lepin umechanganya seti za vipande vichache na zile za maelfu, na umepimwa kwa mauzo ya mtengenezaji, si bei ya dukani. Hata wastani wenyewe hautulii: mzigo wa ghalani ulithaminiwa yuan milioni 30.5, ambazo ni yuan 50.5 kwa boksi, pungufu kwa asilimia 28. Labda ghala lilikuwa na seti ndogo zaidi, labda njia ya kuthamini ilibadilika. Mojawapo ikiwa kweli, basi ile 70.6 nayo si bei ya kitu chochote.

Kipimo bora ni seti kwa seti, na hapo Lepin ilikuwa ikiuza kwa chini ya nusu ya bei ya LEGO. Je, nusu iliyozidi ni faida ya kampuni? Mwaka 2024 LEGO ilipata mapato ya krona za Denmark bilioni 74.3 na faida ya uendeshaji, yaani kabla ya riba na kodi, ya bilioni 18.7. Hiyo ni asilimia 25.2. Tuchukulie Taj Mahal inabeba wastani huohuo na inauzwa na kampuni moja kwa moja: ukifuta faida yote, bei inashuka kutoka dola 370 hadi 277, karibu shilingi 36,000. Kuifikisha chini ya 185 kunahitaji kuondoa gharama halisi: wabunifu, majaribio ya usalama, leseni, matangazo, mishahara, ubora wa plastiki. Dhana ya kwamba bei ya orijino ni uroho mtupu haivuki hesabu hii. Na dhana kwamba yote ni ubora haivuki pia, maana robo nzima ya bei ni faida.

Ubora wenyewe unaweza kukadiriwa. LEGO husema vipande 18 tu katika kila milioni hushindwa kufikia kiwango chake. Seti ya 2017 ya Millennium Falcon, chombo cha filamu ya Star Wars, ina vipande 7,541. Kwa kiwango hicho, kungekuwa na kipande kimoja kibovu katika kila maboksi saba hivi. Mnakili akikosea mara moja tu katika elfu, kila boksi litakuwa na vipande vibovu saba au nane. Kiwango cha moja kwa elfu ni mfano wangu, na kile cha 18 kwa milioni ni cha kampuni inayojisemea. Ila mwelekeo unaeleweka: katika seti kubwa kosa dogo huzidishwa maelfu ya mara, na kipande kimoja kisichoshika hulegeza ukuta mzima.

Falcon hiyo ilianza kwa dola 799.99, yaani shilingi 13.80 kwa kipande, dhidi ya 8.10 za Taj Mahal ya mwaka uleule. Pengo ni asilimia 70, ndani ya orijino na orijino. Sehemu yake ni leseni ya Star Wars, ambayo LEGO imekuwa nayo tangu 1999 na ambayo Lepin haikulipa. Sehemu nyingine ni kwamba Taj Mahal imejaa vipande vidogo sana, na bei kwa kipande huidhulumu seti yenye vikubwa.

Mwezi Septemba 2020 kiongozi wa mtandao wa Lepin alihukumiwa kifungo cha miaka sita na faini ya yuan milioni 90, sawa na shilingi bilioni 1.62, na wenzake wanane walifungwa pia. Faini hiyo ni asilimia 30 ya mauzo yaliyothibitishwa, au yuan 21 kwa kila boksi lililouzwa. Kama faida ya Lepin ilikuwa asilimia 25 kama ya LEGO, faini ilimeza yote na kuzidi kwa milioni 15. Kama ilikuwa asilimia 40, jambo linalowezekana kwa asiyelipa mbunifu wala leseni, faida ilikuwa milioni 120, na milioni 30 zilibaki upande wa mnakili, kabla ya kuhesabu mauzo ya 2015 hadi Septemba 2017.