Vipimo vya Damu na Ugonjwa wa Mapafu: Hesabu Moja Haitoshi

Ndugu makatibu na wanachama, kila mmoja wetu anajua kuwa hali ya chama haisomwi katika kitabu kimoja. Daftari la fedha laweza kuonyesha salio zuri, na huku leja za wanachama zikaonyesha madeni. Ndivyo ilivyo pia kwa damu ya mgonjwa wa kifua. Makala haya yanaeleza vipimo ambavyo madaktari huvitumia kukisia kama ugonjwa wa mapafu uletwao na virusi utapoa au utazidi, pamoja na mipaka ya vipimo hivyo.

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuka mjini Wuhan, China, mwishoni mwa mwaka 2019, wagonjwa wengi walipona bila kulazwa. Wachache walizidiwa, tena mara nyingi baada ya siku kadhaa za kuonekana kuwa na nafuu. Kwa kuwa vitanda na oksijeni havikutosha, madaktari walihitaji kujua mapema ni nani aliye hatarini.

Kipimo cha kwanza ni cha protini iitwayo CRP. Iligunduliwa mwaka 1930 mjini New York na William Tillett na Thomas Francis, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Ini huitoa kwa wingi mwili unapopambana na maradhi. Kwa mtu mwenye afya, kwa kawaida haizidi miligramu 10 kwa lita. Kipimo cha pili ni hesabu ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu ambazo hupungua sana kwa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19. Cha tatu ni D-dima, mabaki ya damu iliyoganda na kuyeyushwa. Taarifa ya wagonjwa 191 wa Wuhan, iliyotolewa Machi 2020, ilionyesha kuwa waliolazwa wakiwa na zaidi ya maikrogramu 1 ya D-dima kwa mililita walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Hata hivyo, vipimo hivi vina mipaka. Malaria na kifua kikuu pia hupandisha CRP. Virusi vya UKIMWI hupunguza limfosaiti. Mimba hupandisha D-dima. Kwa hiyo, cheti cha maabara kisichosomwa pamoja na hali ya mgonjwa chaweza kupotosha.

Mwaka 2020 wataalamu wa Uingereza walitunga kanuni ya kukisia hatari ya kifo kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa, kwa kutumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 57,000. Kanuni hiyo hutoa alama kuanzia 0 hadi 21, na huangalia mambo manane: umri, jinsia, maradhi mengine ya kudumu, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni, utambuzi wa akili, urea na CRP. Tazameni vema: ni mawili tu kati ya hayo yanayotoka maabara. Mengine sita yaweza kujulikana katika zahanati ndogo, ikiwa kuna saa ya kuhesabia pumzi na kifaa cha kupimia oksijeni kinachobanwa kidoleni.

Kujua uzito wa ugonjwa kuna faida katika matibabu pia. Mwezi Juni 2020, majaribio yaliyofanywa Uingereza yalionyesha kuwa dawa ya deksamethasoni ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliopumulia mashine, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliopewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Basi mwanachama asijinunulie dawa hiyo dukani kwa sababu tu jirani yake ilimponya.

Tunawashauri makatibu wawaeleze wanachama mambo haya:

1. Mgonjwa mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au mwenye oksijeni chini ya asilimia 90, au aliyechanganyikiwa, au ambaye midomo yake inageuka rangi ya buluu, apelekwe hospitali mara moja. Asingojeshwe nyumbani kwa sababu fedha za vipimo hazijapatikana.

2. Mwenye cheti cha maabara amwonyeshe mganga, wala asijihukumu mwenyewe kwa kusoma tarakimu.

3. Mkutano mkuu wa chama uzungumzie akiba ya usafiri wa wagonjwa, na halmashauri ishauriane na mganga wa zahanati kuhusu kununua kifaa cha kupimia oksijeni.

Vipimo vya damu ni msaada mkubwa pale vinapopatikana. Lakini mahali maabara ilipo mbali, jicho la jirani anayehesabu pumzi za mgonjwa, na gari linaloondoka mapema, vyaweza kuokoa uhai kabla tone moja la damu halijapimwa.