Mwanaanthropolojia mbele ya mtoto mwenye wasiwasi

Mwanafunzi wa anthropolojia anayetamani kufundisha watoto wadogo, hasa wale wenye hofu na wasiwasi, hakosi kuulizwa kwa nini hakusoma ualimu au saikolojia tangu mwanzo. Swali hilo ni la haki. Kwa wengi wetu anthropolojia ni elimu ya mila za makabila na mafuvu ya Olduvai, haina habari na mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi akiambiwa avae sare. Lakini ukisoma kazi za wanaanthropolojia waliokaa majumbani na madarasani kwa miaka mingi, utaona wameshughulikia jambo ambalo vyuo vya ualimu hulipitia juu juu: kabla hujamsaidia mtoto mwenye wasiwasi ni lazima ujue kama kweli anao, na kama anao, ni nani kati ya watu wanaomzunguka anayeuzidisha bila kukusudia.

Chukua mfano wa Kokwet, jamii ya Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, ambako Sara Harkness na Charles Super walifanya utafiti katika miaka ya 1970. Kulikuwa na jaribio moja jepesi: mtoto anasimuliwa hadithi fupi, kisha anaombwa airudie mbele ya mtu mzima. Wengi walinyamaza. Mpimaji mwenye haraka angeandika kwamba watoto hawa ni wazito wa kuelewa, au ni waoga kupita kiasi. Watafiti wale walikuwa wamekwisha kuona maisha ya nyumbani, kwamba mtoto wa Kokwet akiwa na wakubwa kazi yake ni kusikiliza na kutenda: lete kuni, mwangalie mdogo wako, rudisha ndama. Akili yake ilipimwa kwa namna anavyotumwa akatumika. Hakuna aliyemzoesha kukaa mbele ya mtu mzima na kujieleza kirefu. Katika makala yao ya 1977 kuhusu ugumu wa kuwapima watoto wa Kiafrika, walionyesha kuwa kimya kile kilitokana na hali ya jaribio lenyewe. Msomaji aliyelelewa kwa kuambiwa asidakie maneno ya wakubwa hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Si Afrika peke yake. Susan Philips alichunguza watoto wa Wahindi Wekundu wa Warm Springs, jimbo la Oregon, Marekani, akaona kuwa walisita kusema mmoja mmoja mbele ya darasa zima, lakini wakiwekwa katika vikundi vyao, au wakimfuata mwalimu pembeni, walizungumza vizuri tu. Nyumbani walizoea kutazama kwa muda mrefu na kujaribu wenyewe bila kutazamwa, ndipo waonyeshe walichojifunza. Shule iliwataka wakosee hadharani. Shirley Brice Heath naye, katika kitabu chake cha 1983 kuhusu jamii za Carolina, aliwaona watoto weusi wakinyamaza mwalimu alipouliza rangi ya kitu ambacho wote wanakiona. Kwao mtu mzima hakuwa na desturi ya kuuliza swali ambalo jibu lake analijua. Walimu walipoanza kuuliza pia maswali ya aina iliyozoeleka nyumbani, kwamba kitu hiki kinafanana na nini, watoto walifungua midomo.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapoingia, nami nalikubali kwa sehemu. Ukimzoesha mwalimu kusema “ni utamaduni wao”, atampita mtoto anayeteseka kweli. Wasiwasi uliovuka mipaka upo katika kila jamii, na kuuita adabu au haya ni njia rahisi ya kumtelekeza aliye nao. Hata hivyo, dawa ya kosa hilo ni kutazama zaidi. Anayetoka nyumba zile zile na wenzake, akanyamaza darasani kama wao, kisha mapumziko akapiga kelele uwanjani, hana dalili ya ugonjwa. Mwenzake asiyecheza hata na watoto wa rika lake, anayebana haja mpaka jioni kwa kuogopa kuomba ruhusa, anayefuta na kuandika upya mstari mmoja hadi karatasi inatoboka, huyo anahitaji msaada. Tofauti hii huwezi kuipata kwenye dodoso la kurasa mbili. Huipata kwa kumwona mtoto zaidi ya mahali pamoja, na hiyo ndiyo stadi ambayo mwanafunzi wa anthropolojia hufundishwa kabla ya nyingine zote.

Stadi hiyo haitoshi. Tiba yenye ushahidi imara kwa watoto wenye wasiwasi uliozidi, iliyojaribiwa na Philip Kendall wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, katika utafiti uliochapishwa 1994, humfundisha mtoto kutambua mawazo ya hofu kisha kukikabili anachokiogopa hatua kwa hatua. Kuijua kunataka mafunzo yake na usimamizi wa mtaalamu. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Eli Lebowitz na wenzake wa Yale, wenye watoto 124. Kundi moja la watoto lilipewa tiba ya mazungumzo ya aina hiyo, na kwa kundi la pili waliofundishwa ni wazazi tu. Walijifunza kupunguza mambo wanayofanya kumkwepesha mtoto na anachokiogopa, kama kumjibia au kulala naye kila usiku, huku wakimwonyesha kuwa wanamwelewa na wanaamini ataweza. Matokeo ya kundi la pili hayakuwa duni kuliko ya lile la kwanza. Ukimbadilisha anayeishi na mtoto, mtoto naye hubadilika, na kujua nani humfanyia nini, saa ngapi, ni kazi ya mwanaanthropolojia kabisa.

Mtu atasema haya ni ya madarasa ya watoto ishirini, si ya mwalimu mwenye sabini. Ni kweli hatawatembelea wote nyumbani. Lakini kuwapa dakika mbili wajibu wawili wawili kabla ya kumsimamisha mmoja hakuhitaji bajeti, wala kuacha kiboko kwa jibu lisilo sahihi. (Kenya ilikipiga marufuku shuleni mwaka 2001, Tanzania bado inakiruhusu kwa masharti.) Ugumu halisi wa mwanafunzi huyu uko kwenye makaratasi. Anthropolojia haifundishwi shuleni, na akilazimika kuanzia sekondari, Tume ya Huduma ya Walimu ya Kenya hutaka masomo mawili ya kufundishia. Basi achukue historia au Kiswahili mapema pamoja na somo jingine linalokubalika, asome stashahada ya uzamili ya elimu baada ya shahada, na utafiti wake wa mwaka wa mwisho aufanye ndani ya darasa la kwanza la shule iliyo karibu, akihesabu nani husema, na akiwa na nani.