Sura ya 4: Nyota ya Watu wa Ziwa

Nchini kwetu kuna watu wanaosemwa kuwa na nyota kali, na mara nyingi sifa hiyo huwaangukia watu wa Kanda ya Ziwa. Ushahidi unaotolewa si haba. Dhahabu iko Geita, almasi iko Mwadui, sangara wako ziwani, na kila mtaa una mtu wake aliyeondoka na begi moja mkononi akarudi anaendesha Fuso. Panda milima ya Igogo jijini Mwanza, pale nyumba zilipobanana katikati ya majabali, uulize nani ametoboa. Utaonyeshwa nyumba ya ghorofa yenye madirisha ya aluminiamu na utaambiwa, "Huyo duara lake lilitema," yaani shimo lake la kuchimbia lilitoa dhahabu. Chumba cha kupanga cha jirani yake, aliyekaa machimboni miaka mingi akarudi na kikohozi kisichopona, hutaonyeshwa. Hakuna anayeficha kitu. Ni kwamba hapo hakuna cha kuonyesha.

Tatizo la sifa yoyote ya bahati linaanzia hapo. Anayetaka kuipima lazima awatafute wote waliocheza, na walioshindwa ndio wagumu kuwapata.

Duniani, watu waliosifiwa sana kwa bahati ni Waayalandi, na habari yao inafanana na yetu kuliko mtu angedhani. Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa uliozesha viazi vyao shambani, na serikali iliyowatawala kutoka London haikufanya ya kutosha kuwaokoa. Watu wapatao milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni 1 wakapanda meli kuhama. Wengi walifika Marekani mikono mitupu, wakaingia kwenye kazi za sulubu, na baadhi yao wakaishia kwenye machimbo ya California na Nevada. Mwaka 1873, wanaume wanne wenye asili ya Ayalandi, John Mackay, James Fair, James Flood na William O'Brien, waligonga mwamba wenye madini ya fedha kwa wingi wa kutisha karibu na Virginia City, Nevada. Mackay alikuwa ameanza kama mchimbaji wa sururu na koleo. Wako wanahistoria wanaosema kuwa msemo wa bahati ya Waayalandi ulishika mizizi kwenye machimbo ya namna hiyo, tena ukiwa na kijembe ndani yake: hawa wameokota tu, akili hawana.

Kwa nini Waayalandi walikuwa wengi machimboni? Njaa iliwasukuma kwenye kazi ambayo mwenye shamba na duka lake asingeikubali. Ukiwaingiza watu maelfu kwenye bahati nasibu, wachache watashinda, na majina ya hao wachache ndiyo yatakayobaki midomoni.

Sasa turudi kwenye duara. Kijana wa Igogo anayekwenda kuchimba Geita kwa kawaida halipwi mshahara. Mwenye duara, au mfadhili wake, analisha kambi na kununua magogo, kamba na baruti. Kijana anatoa mwili wake. Kifusi kikitoka kinawekwa kwenye viroba na kugawanywa: fungu la mwenye eneo, la mwenye duara, la mfadhili baada ya kukata gharama zake, na la wachimbaji, ambao nao wanagawana. Kila mmoja anapeleka viroba vyake kwenye karasha kusagwa, unga unaoshwa kwenye mwalo, dhahabu inakamatwa kwa zebaki kisha inachomwa. Mwamba ukiwa mtupu, mchimbaji amekula ugali wa kambi na hana kingine cha kudai.

Tuchukue namba ya mfano ili tuone inavyokwenda. Tuseme katika kila maduara 100, duara 1 hutema vizuri ndani ya msimu. Maduara yakiwa 1,000, yatakayotema ni kama 10, na 990 yatameza fedha na nguvu za watu. Kumi hayo yatajenga nyumba, yatanunua Fuso, yatafanya harusi ya kufunga mtaa. Mgeni akipita anaona nyumba kumi na kusema watu hawa wamebarikiwa. Hesabu inasema nafasi ya kila mmoja wao ilikuwa asilimia 1, na ingekuwa asilimia 1 hata kama angekuwa Mchaga, Mmakonde au Muayalandi.

Si kila kinachoitwa bahati ni cha nasibu tupu. John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, husimuliwa kama mtu aliyeziokota chini ya mbuyu. Lakini alikuwa na udaktari wa jiolojia, na alikuwa ametumia miaka akitafuta mahali zinapotoka, katika ukanda ambao almasi ndogondogo zilikuwa zimeshaonekana. Hata yeye angeweza kufa bila kuipata. Tofauti ni kwamba alipunguza mahali pa kubahatisha kabla ya kubahatisha, jambo ambalo mchimbaji asiye na ramani wala kipimo cha maabara hawezi kulifanya. Ziwani nako ni vivyo hivyo. Mvuvi wa dagaa anayejua giza la mwezi linaanza lini na upepo wa msimu unavuma kutoka wapi ana elimu, na wenzake wakisema ana ngekewa wanampunja.

Anayeishi kwa asilimia 1 hutafuta kitu cha kumwongezea, na ndipo mganga anapoingia. Hesabu yake ni muhimu kuliko zote katika sura hii, kwa hiyo tuifuate polepole.

Tuseme mganga hana uwezo wowote wa kubadili mwamba. Amehudumia duara 1 tu: nafasi ya kupata shahidi wa kumsifu ni asilimia 1. Amehudumia maduara 100: nafasi kwamba angalau moja litatema ni asilimia 63. Amehudumia 300: ni asilimia 95. Namba hizi zinapatikana kwa kuzidisha nafasi ya kukosa, yaani 0.99, kwa yenyewe mara 100 au mara 300, kisha kutoa jibu kutoka kwenye 1. Kwa hiyo mganga mwenye wateja wengi karibu hakosi tajiri wa kumtolea ushuhuda, hata kama dawa yake ni majivu ya jikoni. Na wale waliokosa? Wataambiwa walivunja masharti. Mmoja alilala na mwanamke, mwingine alipitiwa na maiti njiani. Kwa utaratibu huo dawa haiwezi kushindwa kamwe, maana kila kushindwa kumeandikiwa mgonjwa.

Imani isiyoweza kushindwa haina mahali pa kusimama, na kanda yetu imelipa gharama yake kwa damu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Mwanza, Shinyanga na mikoa jirani ilianza kusikia mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyofanywa na watu walioaminishwa kwamba kiungo cha mtu kama huyo kingeleta dhahabu kwenye duara au sangara kwenye nyavu. Kufikia mwaka 2015, Umoja wa Mataifa ulikuwa ukitaja zaidi ya 70 waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000, na wengine walibaki hai wakiwa wamekatwa mikono. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata hivyo mwaka 2024, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto mwenye ualbino wa miaka 2 alinyakuliwa nyumbani kwao na kuuawa. Nashindwa kuandika sentensi hiyo kwa utulivu na sioni sababu ya kujilazimisha. Watu wenye ualbino wamesemwa kuwa na bahati kuliko Muayalandi yeyote, na bahati hiyo wamepewa wengine waichukue.

Hesabu ya ualbino wenyewe ni ya wazi. Mtoto huzaliwa nao pale anaporithi chembe ya urithi yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wameibeba bila kuonekana, nafasi ya kila mimba ni 1 kati ya 4, na mimba iliyotangulia haibadilishi chochote. Makadirio yanayotumika sana kwa Tanzania ni mtu 1 katika kila 1,400, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni kama 1 katika 17,000 hadi 20,000. Ukianzia kwenye 1,400 na kufuata kanuni ya kawaida ya urithi, wabebaji ni kama mtu 1 katika kila 19. Daladala ikijaa kutoka Igogo kwenda mjini, kwa wastani yumo angalau mmoja, na huenda ni konda au dereva. Kilichowindwa porini na vijijini kimekaa kimya ndani ya miili ya majirani, na hakijawahi kumpa yeyote kati yao gramu moja ya dhahabu.

Zipo nafasi ambazo zinaweza kubadilishwa, na zinajulikana. Saratani ya ngozi ndiyo inayowaua wengi wenye ualbino mapema, na jua letu ndilo linaloianzisha. Mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kofia pana, shati la mikono mirefu, kliniki ya ngozi kila baada ya miezi michache, na dawati la mbele darasani kwa mtoto asiyeona ubao vizuri: kila kimoja kati ya hivi kinaongeza miaka ya mtu au madarasa yake kwa kiasi kinachoweza kupimwa. Shule ya Mitindo wilayani Misungwi imelea watoto wengi wa namna hii, baadhi wakipelekwa pale kwa sababu kijijini kwao hapakuwa salama. Mwalimu wa hesabu anayewafundisha hao ana haki ya kuanza somo la nasibu kwa hesabu ya mganga na wateja 300, na ninatumaini ataitumia hata kwa wanafunzi wa shule nyingine zote za mkoa, hasa wale watakaokwenda machimboni.