Mabuyu, ukwaju na chokoleti ya pilipili: Tulifumba macho, tukaonja, tukatoa alama

JE, ukifungwa kitambaa machoni kisha utiwe buyu mdomoni, unaweza kusema ni jekundu au ni jeupe? Usikimbilie kujibu. Sisi tulikuwa wanne, kila mmoja akijiita mtaalamu wa vitu vitamu, na sote tulifeli.

Jumamosi hiyo tulikuwa kwa binamu yangu, kwenye bedsita yake mtaani Roysambu, Nairobi. Yeye ni mzaliwa wa Mombasa na yuko mwaka wa pili chuoni. Alikuwa amebaki na Sh3,000 pekee. Mpango wake ulikuwa kutengeneza kitu kimoja kitamu, akiuze karibu na steji, na faida isaidie kulipa kodi. Pesa hizo zikipotea, ingebidi arudi nyumbani na masomo yasubiri.

"Msinipende leo," alituambia akipanga visahani sakafuni. "Mkinidanganya kuwa kila kitu ni kitamu, mtakuwa mmenifukuza Nairobi."

Basi kama nawe una wazo la biashara ya chakula, ama unataka tu kujiburudisha na marafiki wikendi, hivi ndivyo tulivyofanya. Kila kitu kilipewa nambari, si jina. Kila mwonjaji alikuwa na kikombe cha maji ya uvuguvugu na kipande cha mkate mkavu cha kusafisha ulimi. Tulianza na ladha tulivu na kuacha pilipili za mwisho, kwa sababu ulimi ukishawaka moto hauna uamuzi tena. Kila mtu aliandika alama zake kimyakimya, kati ya 1 na 10, kabla ya yeyote kufungua mdomo kusifu. Ukisubiri rafiki mwenye sauti kubwa aseme "hii ni noma," wote mtaandika tisa.

Nambari ya kwanza ilikuwa kashata ya nazi yenye iliki. Hapa jaribu kitu: ziba pua kwa vidole, tafuna, halafu achilia pua. Utashangaa. Pua ikiwa imezibwa unapata utamu wa sukari tu. Ukiachilia, iliki na nazi zinaingia kwa kishindo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Ndiyo maana ukiwa na mafua hata pilau huwa kama karatasi. Kashata ilipata 7. Kasoro yake? Nazi ina mafuta, na kashata ikikaa siku kadhaa huanza kunuka uvundo.

Nambari ya pili na ya tatu yalikuwa mabuyu. Tuyaache kidogo, tutayarudia.

Nambari ya nne ilikuwa achari, yaani vipande vya embe bichi vilivyoanikwa juani vikatiwa chumvi na pilipili. Ukikulia Pwani, mate yanakutoka ukisoma tu neno hilo. Lakini wenzetu wawili waliotoka Nyeri na Kakamega walikunja uso kama waliomeza dawa. Alama: 5. Ukwaju wa sukari na pilipili, nambari ya tano, ulipata 6. "Ni mchachu, mtamu, mkali, kisha mchachu tena. Kwani unataka nini kwangu?" mmoja aliuliza akicheka huku machozi yakimtoka.

Kisha ikaja nambari ya sita, ambayo binamu yangu alikuwa ameiwekea matumaini yote: chokoleti nyeusi aliyoiyeyusha juu ya maji moto, akatia pilipili ya unga na chembe za chumvi. Usidhani ni wazimu wa vijana wa TikTok. Wenyeji wa kale wa Mexico na Amerika ya Kati walikunywa kakao iliyotiwa pilipili karne nyingi kabla ya Wazungu kuijua. Na inafanya kazi! Mwanzoni unapata uchungu na utamu wa kakao, halafu baada ya kumeza, moto unapanda polepole kooni. Pilipili kwa kweli si ladha. Inaamsha mishipa ileile inayotuonya tunapoungua. Ikikuzidi, usinywe maji. Kunywa maziwa, kwa kuwa ukali wake huyeyuka kwenye mafuta.

Chokoleti ilipata 8. Binamu akarukaruka. Kisha akachukua kalamu akapiga hesabu, akakaa.

Kipande kimoja kingebidi kiuzwe Sh50 ili apate faida. "Hamsini kwa kitu kinachoisha kabla matatu haijajaa? Hiyo si ni nauli!" nilimwambia. Na si makosa yake. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Ivory Coast na Ghana, na mavuno yao yalipoharibika, bei ilipita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, ilhali kwa miaka mingi ilikuwa ikizunguka kati ya 2,000 na 3,000. Kuna kakao jirani, kule Bundibugyo nchini Uganda na Kyela nchini Tanzania, lakini chokoleti inayofika rafu zetu bado ni ghali. Isitoshe, huyeyuka ikifika kama nyuzi 34. Hebu fikiria kuibeba kwenye ndoo Mombasa mwezi wa Februari.

Sasa turudi kwa mabuyu. Nambari ya pili ilikuwa mabuyu mekundu, yale unayoyajua, yanayokuacha na ulimi kama uliopakwa rangi ya mdomo. Nambari ya tatu yalitoka sufuria ileile: sukari ileile iliyochemshwa hadi ikanata, iliki ileile, pilipili ileile. Tofauti ilikuwa moja tu. Hakuyatia rangi.

Tukiwa tumefumba macho, yote yalipata 8. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua yapi ni yapi. Tukafungua macho, tukaonja tena. Mekundu yakapanda hadi 9. Meupe yakaanguka hadi 5. "Haya yamepauka," mwenzetu alisema kuhusu buyu alilolisifu dakika kumi zilizopita!

Macho yalikuwa yameonja badala ya ulimi.

Pengine utauliza, basi kwa nini asitie rangi tu watu wafurahi? Wateja aliowalenga ni watoto wa shule wanaopitia steji hiyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2010, vyakula vyenye rangi sita fulani za viwandani lazima viwe na onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Baadhi ya rangi hizo ni nyekundu. Si kwamba buyu moja litakudhuru. Shida ni kwamba ile rangi inayouzwa kwa vipakiti bila jina, wewe na mimi hatujui ni ipi wala imetiwa kiasi gani.

Alijaribu bitiruti badala yake. Rangi ilitoka nzuri ajabu. Ladha? Tulimpa 4. Mabuyu yalikuwa na harufu ya shamba baada ya mvua.

Usiku ule alimpigia simu bibi yake, aliyemfunza kupika mabuyu. Tuliisikia sauti ya bibi kwenye spika: "Mjukuu wangu, rangi haipikwi, hutiwa. Wewe pika."

Akapika meupe. Ubuyu wenyewe hauna haja ya kuonewa aibu: unga wake mchachu una vitamini C kwa wingi, na Umoja wa Ulaya uliuidhinisha kama chakula mwaka 2008. Miti yenyewe tunayo tele Kilifi, Kwale, Kitui na Makueni. Alifuatilia kwanza cheti cha afya, akafunga pakiti 40 za Sh10, akaandika kwenye kila moja: Hayana rangi. Onja kwanza.

Siku ya kwanza aliuza tisa. Alinitumia ujumbe: "Kaka, naona Mombasa inaniita." Siku ya pili akabadilisha mbinu. Kabla ya kumwonyesha mteja pakiti, alimwomba afumbe macho, akamtilia buyu moja kiganjani. Aliuza 26.

Bado hajarudisha Sh3,000 zake zote, na mama anayeuza mekundu upande wa pili wa barabara bado anamshinda kwa mbali. Kodi ya mwezi huu, hata hivyo, imelipwa.

Wikendi hii tafuta marafiki watatu, mkate mkavu na kitambaa safi. Fungeni macho, andikeni alama, kisha fungueni. Mkimaliza, hesabu ni mara ngapi ulimi wako na macho yako vilikosana.