Pima kifua kabla ya kuuza ng'ombe

Kijana amepata kazi Qatar. Ng'ombe wa baba ameuzwa, wakala amelipwa na pasipoti iko tayari. Kisha jibu la daktari linakuja: hafai. Picha ya eksirei imeonyesha kovu kwenye pafu. Viza hapati, na pesa zimekwenda.

Wengi wanaotafuta kazi ng'ambo hushughulikia makaratasi na kuisahau miili yao. Nchi za Ghuba, zikiwemo Saudia na Qatar, humtaka mfanyakazi mgeni apimwe katika kliniki zilizoidhinishwa kabla ya kupewa viza. Hupigwa picha ya kifua, na damu yake huchunguzwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Wanawake hupimwa mimba pia.

Kifua kikuu huwakwamisha hata waliokwisha kupona. Aliyetibiwa akapona hamwambukizi mtu, lakini kovu laweza kubaki pafuni, na kwa kanuni za Ghuba kovu hilo latosha kumnyima kazi.

Uingereza ni tofauti. Mkenya anayekwenda kukaa huko zaidi ya miezi 6 lazima awe na cheti cha kuonyesha kwamba hana kifua kikuu, lakini kinachosakwa ni ugonjwa wenyewe wala si kovu. Picha ikitia shaka, makohozi hupimwa katika maabara, na majibu yaweza kuchukua wiki 8.

Ufanye nini basi? Ukikohoa kwa wiki 2, ukitokwa jasho usiku au ukikonda bila sababu, nenda hospitali ya serikali. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida humezwa kwa miezi 6. Usiziache ukipata nafuu, kwani viini huwa sugu. Mwanamke anayeshuku kuwa ana mimba na aseme kabla ya kupigwa eksirei.

Jihadhari na wauzao vyeti bandia. Ukifika Ghuba utapimwa tena, na ukipatikana na ugonjwa utarudishwa nyumbani. Mbaya zaidi, utakuwa umewaambukiza wenzako chumbani huku mapafu yako yakizidi kuliwa.

Pima kwanza, ndipo umlipe wakala. Bei ya picha ya kifua haifikii hata robo ya bei ya ng'ombe.